Mbegu nyekundu si mboga: dawa ya mbegu kwa tunaopanda kabla ya mvua

Mwishoni mwa mwezi wa Machi mwaka jana nilifanya pupa. Mawingu yalitanda juu ya bahari siku tatu mfululizo, kaskazi ikatulia, na kila mwenye jembe pale kwetu, bara ya mji wa Kilifi, akaanza kusema mvua za mwaka zimefika. Nikatia pojo eka moja na nusu kwenye udongo mkavu, nikarudi nyumbani kungojea.

Siku ya nne ilinyesha mvua moja kubwa. Maji yakatuama upande wa bondeni siku mbili, kisha jua likarudi kama si sisi tuliolowa. Siku ya kumi nilikwenda kutazama shamba. Upande wa juu, kwenye mchanga, miche ilisimama vizuri. Upande wa bondeni, kwenye udongo mzito, mistari ilikuwa na mapengo kama kinywa cha mzee.

Nilishuku kanga. Kisha nikashuku mchwa. Kisha nikamshuku aliyeniuzia mbegu, na huyo nilikuwa tayari kwenda kumkabili. Jirani yangu, mzee aliyelima bonde lile kabla sijazaliwa, alinizuia. Alichuchumaa, akafukua kwa kidole, akatoa pojo moja na kuiminya. Ganda likavuka, ndani kukatoka uji wa kahawia wenye harufu mbaya.

"Mwanangu," akaniambia, "hii haikuliwa. Imeoza. Ukigombana na muuzaji utamwonea."

Tokea siku ile nimesoma na kuuliza mengi kuhusu kuoza kwa mbegu ardhini na dawa za kuzuia jambo hilo. Naandika haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wetu tutapanda tena kabla ya mvua, na hasara yangu haina haja ya kuwa yenu. Ya pili, dawa yenyewe nusura iniletee msiba nyumbani, na hilo nitalieleza mwisho.

Nani anayeozesha mbegu?

Udongo wa shamba una viumbe vidogo visivyohesabika. Wengi wao ni wema: wanaozesha majani makavu na kuyageuza mbolea. Wachache wanaishi kwa kuvizia mbegu na miche michanga.

Mbegu ikinywa maji huvimba, na inapovimba huvujisha sukari kidogo kwenye udongo unaoizunguka. Ni kama mtu anayekaanga samaki upenuni: harufu inafika kwa paka wote wa mtaa. Ikichipuka upesi na kutoa mizizi, inawashinda. Ikikawia, wanaifikia.

Mvizi wa kwanza anaitwa Pithiamu. Watu humwita kuvu, lakini wataalamu wanasema ukoo wake uko karibu na mwani wa baharini kuliko uyoga. Na tabia yake ni ya majini kweli: hutoa vijimbegu vyenye mikia vinavyoogelea kwenye maji yaliyo kati ya chembe za udongo, vikifuata ile sukari. Ndiyo sababu bonde langu liliathirika na mchanga ukasalimika. Mbegu iliyouawa na Pithiamu huwa laini na yenye majimaji, kama ile ya mzee.

Wa pili ni Rizoktonia, kuvu halisi asiyehitaji maji yaliyotuama. Yeye huuma shina pale linapokutana na udongo na kuacha kidonda cha rangi ya kutu kilichobonyea. Mche huota, hupendeza siku mbili tatu, kisha huanguka kama uliokatwa kwa wembe. Wa tatu ni Fusari, anayeozesha mizizi polepole. Wa nne ni Makrofomina, na huyu hupenda joto na ukame. Hujificha ardhini kwa miaka kama vipunje vyeusi mfano wa vumbi la makaa, akingoja kunde, pojo au soya ipate shida ya maji.

Kwa hiyo unapoona pengo, usikisie. Fukua. Ukikosa mbegu kabisa na udongo umepekuliwa, huyo ni kanga, panya au kindi. Ukikuta mbegu imetobolewa au mche umekatwa na kuachwa chini, tafuta mdudu. Ukikuta mbegu iko mahali pake lakini imelainika, au shina lina kidonda usawa wa ardhi, hapo ndipo pa kuzungumza habari za kuvu.

Kupanda mapema: wao baridi, sisi maji

Utafiti mwingi wa dawa za mbegu za jamii ya kunde umefanywa Marekani, kwenye majimbo yanayolima soya kama Iowa na Illinois. Wakulima wa huko nao wana haraka yao. Wanapenda kupanda soya mwezi wa Aprili ili mmea upate siku nyingi za jua na kuzaa zaidi. Lakini Aprili ya huko udongo bado una baridi, pengine nyuzi 10 hivi. Katika baridi hiyo soya inaweza kukaa ardhini wiki mbili au tatu kabla ya kuchomoza. Muda wote huo iko wazi kwa adui, na zipo aina za Pithiamu zinazostawi katika baridi na unyevu. Kwa hiyo anayepanda mapema huko hununua mbegu iliyotiwa dawa.

Sisi Pwani hatuna baridi ya namna hiyo. Katika udongo wetu wenye joto, pojo au kunde ikipata maji ya kutosha huchomoza kwa siku tatu hadi tano. Ndiyo maana wengine husema dawa ya mbegu ni mambo ya Wazungu. Lakini anayepanda kwenye vumbi ana mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni mvua ya uongo. Inanyesha manyunyu ya kutosha kuiamsha mbegu, kisha jua linakausha udongo. Mbegu inabaki nusu macho, imeshaanza kuvujisha sukari, lakini haina nguvu za kutoa mzizi. Mtego wa pili ni gharika: mvua yote inashuka kwa usiku mmoja, udongo mzito unajaa maji, mbegu inakosa hewa na inakawia. Pithiamu wa nchi za joto, tofauti na wale wa Iowa, hustawi hata udongo ukipita nyuzi 30.

Mbona basi tusingoje mvua zitulie? Kwa sababu kupanda mapema kuna faida ya kweli. Pojo huchukua miezi miwili na kidogo tangu kupandwa hadi kuvunwa, na mvua zetu zina tabia ya kukatika ghafla. Aliyewahi kupanda hunywa mvua yote. Mvua za kwanza pia huamsha rutuba iliyolala kwenye udongo wakati wa kiangazi, na aliyechelewa huikuta imeshachukuliwa na maji na magugu. Kwa hiyo wazee waliopanda kwenye vumbi hawakuwa wajinga. Walikuwa wakicheza bahati nasibu wanayoijua. Dawa ya mbegu hupunguza hatari ya mchezo huo, lakini haiiondoi.

Dawa inafanya nini

Wazo lenyewe ni la zamani, na lina chumvi ya bahari ndani yake. Inasimuliwa kwamba huko Uingereza, karne ya 17, ngano iliokolewa kutoka chombo kilichozama karibu na Bristol. Kwa kuwa imelowa maji ya chumvi haikufaa kwa mkate, wakulima wakaipanda. Mwaka ule ngano nyingine ziliharibiwa na ugonjwa wa masizi, lakini ile iliyolowa baharini ilisalimika zaidi. Watu wakaanza kulowesha mbegu kwenye maji ya chumvi bila kujua sababu. Mwaka 1807 Bénédict Prévost alionyesha kwamba ugonjwa ule uliletwa na kuvu, na kwamba shaba iliyoyeyushwa kwenye maji humzuia asiote.

Dawa za leo ni za namna mbili. Kuna zinazobaki kwenye ganda la mbegu na udongo unaoligusa, kama thiramu na fludioksonili. Hizo hufaa zaidi kwa kuvu halisi, wakiwemo Rizoktonia na Fusari. Na kuna zinazoingia ndani ya mmea na kupanda na maji yake, kama metalaksili, ambayo imekusudiwa akina Pithiamu. Metalaksili haimgusi Rizoktonia, wala fludioksonili haimtishi Pithiamu. Ndiyo maana pakiti nyingi huchanganya dawa mbili au tatu, na ndiyo maana kumwambia muuzaji "nipe dawa ya mbegu" hakutoshi. Mweleze ulichokiona ulipofukua, kisha soma nani ametajwa kwenye karatasi.

Mengine ya kujua ni haya. Kinga yenyewe hudumu kwa kawaida wiki mbili hadi tatu baada ya kupanda. Mche ukiugua mwezi wa pili, usiilaumu dawa, kazi yake ilishakwisha. Pia haifufui mbegu iliyokufa. Pojo iliyokaa miaka mitatu kwenye gunia, au iliyotobolewa na fukusi, ukiipaka rangi nyekundu itakuwa pojo mfu yenye rangi nyekundu. Na dawa ya kuvu haiui wadudu, isipokuwa pakiti iseme imechanganywa na dawa ya wadudu kama imidaklopridi. Mchanganyiko huo ni mkali zaidi na unataka uangalifu zaidi, nyuki wakiwamo.

Anayejaribu soya aongeze tahadhari moja. Mimea ya jamii ya kunde hupata mbolea ya hewani kwa msaada wa bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi. Bakteria wa kunde na pojo wamejaa kwenye udongo wetu. Wa soya mara nyingi hununuliwa na kupakwa kwenye mbegu, na baadhi ya dawa za kuvu, thiramu ikiwemo, huwadhuru. Ukilazimika kutumia vyote viwili, tia dawa kwanza, iache ikauke, wapake bakteria mwisho kabisa, na upande siku hiyohiyo.

Je, unaihitaji?

Si kila mtu. Ukiwa na shamba la mchanga lisilotuamisha maji, mbegu ya msimu uliopita iliyohifadhiwa vizuri, na unangoja mvua zitulie ndipo upande, pesa ya dawa iweke mfukoni.

Inafaa kufikiriwa ukiwa unapanda kabla ya mvua, au shamba lako ni la bondeni na lina udongo mzito, au umekuwa ukipanda kunde na pojo palepale misimu mitatu minne bila kupisha mahindi au mtama. Inafaa pia mbegu ikiwa ghali au adimu kiasi kwamba huna ya kurudishia.

Lakini kabla ya yote jaribu mbegu. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa kilicholowa, weka kivulini na usiache kikauke. Siku ya tano hesabu zilizochipuka. Zikiwa 85 au zaidi, una mbegu. Zikiwa 70 hivi, ongeza punje unapopanda. Zikiwa chini ya 60, tafuta mbegu nyingine, dawa haitakusaidia. Jaribio hili halina gharama, na mimi sikulifanya.

Zipo pia njia zisizo na chupa. Pale bondeni siku hizi napanda juu ya matuta ili maji yapite chini ya mbegu. Sifukii zaidi ya sentimita nne, kwa sababu mbegu iliyozikwa sana hukawia kutoka. Na msimu ulio karibu nitapeleka pojo juu, mtama nishushe bondeni. Njia hizi na dawa husaidiana.

Ukiamua kutumia

Nunua dukani, kwenye pakiti iliyofungwa. Usinunue unga uliopimwa kwa kijiko kutoka mkebe usio na jina. Bodi inayosajili dawa za mashamba hapa nchini, PCPB, iko kwa sheria ya mwaka 1982, na dawa halali ina namba ya usajili kwenye karatasi yake. Mbegu zilizokaguliwa zina alama ya KEPHIS. Kwa aina za mbegu zinazofaa Pwani, maofisa wa kituo cha utafiti cha KALRO pale Mtwapa si watu wa kuogopwa, waulizeni.

Kipimo fuata kilichoandikwa. Ukizidisha, dawa inaweza kumdumaza mche uleule unaotaka kuuokoa. Changanyia nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, glavu mkononi na kitambaa puani. Tumia mfuko wa plastiki au ndoo iliyotengwa kwa kazi hiyo maisha yake yote. Usitumie ungo, sufuria wala kata ya jikoni. Anika mbegu kivulini na upande siku hiyo au kesho yake. Baadaye oga, nguo zifuliwe peke yake.

Na walioshika thiramu wajue jambo moja. Dawa hii ni ya ukoo mmoja na kidonge wanachopewa watu kuwaachisha pombe. Mtu akishinda akiishika, kisha jioni akaenda kukaa kwenye mnazi, anaweza kuwiva uso, moyo kwenda mbio, na kutapika. Wengine watadhani amerogwa. Umoja wa Ulaya uliinyima thiramu kibali cha kuendelea mwaka 2018, kwa hiyo mwenye dawa nyingine ya kumfaa ana haki ya kuichagua.

Chungu cha kunde

Sasa lile la nyumbani. Msimu wa vuli nilinunua kunde zilizokwisha kutiwa dawa, nyekundu kama mkufu wa marijani. Nilipopanda zilibaki kiasi cha kibaba kimoja. Nikazifunga kwenye mfuko, nikauacha juu ya kabati ya jikoni, nikaenda zangu mjini.

Niliporudi jioni nilimkuta shemeji yangu upenuni anakuna nazi. Kando yake beseni la maji mekundu, na kunde zimesuguliwa zikawa karibu nyeupe.

"Shemeji, hizi kunde zako zina rangi," akaniambia. "Nimeziosha maji matatu ndiyo zikatakata."

Hakukosea yeye. Hajapata kuambiwa, na mimi niliyejua ndiye niliyeziweka jikoni. Tulizimwaga kwenye shimo mbali na kisima tukazifukia, na usiku ule tukala wali kwa mchuzi wa papa. Lakini sikulala vizuri. Rangi ile hutiwa makusudi ili mtu ajue mbegu si chakula. Maji huondoa rangi, lakini dawa huweza kubaki imeshika ganda au imekwisha kuingia ndani. Kupika hakuiondoi.

Kosa kama langu limewahi kuua watu kwa mamia. Majira ya baridi ya 1971 na 1972, Iraq iliagiza ngano na shayiri za kupanda, zaidi ya tani 90,000, zikitoka Mexico na Marekani. Zilikuwa zimetiwa dawa ya kuvu yenye zebaki, na zimepakwa rangi nyekundu. Maandishi ya onyo kwenye magunia yalikuwa ya Kihispania na Kiingereza. Shehena ilipofika vijijini, wengi walikuwa wamekwisha kupanda. Watu wakaziosha, rangi ikatoka, wakadhani sumu imetoka nayo. Wengine walitangulia kuwapa kuku, na kuku hawakufa upesi. Wakasaga, wakaoka mikate. Zebaki ile hukawia wiki kadhaa kabla ya kuonyesha makali yake. Watu 6,530 walilazwa hospitalini, na 459 kati yao walifia humo, wala hesabu hiyo haiwagusi waliofia majumbani.

Dawa ile ya zebaki haiwekwi tena kwenye mbegu, na za leo si kali kama hiyo. Lakini nikitazama visa hivi viwili, cha Iraq na cha upenuni kwangu, naona njia ni ileile: mbegu imebaki, onyo halikusomeka, chakula kinatakiwa, na maji yanaondoa rangi. Hata kuku msiwape. Thiramu hulemaza vifaranga miguu na hufanya mayai yawe na ganda laini.

Kwa hiyo nyumbani kwangu sasa kuna sheria nne. Mbegu yenye rangi hainunuliwi zaidi ya kiasi cha shamba. Ikibaki, hupandwa pembeni siku hiyohiyo hata kama hapahitajiki. Haiingii jikoni, hata kwa saa moja. Na kila anayeishi humo, watoto wakiwamo, ameonyeshwa ile rangi na kuambiwa maana yake kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, maana karatasi ya pakiti ilikuwa ya Kiingereza peke yake. Hilo la lugha wanaouza dawa Pwani wangelirekebisha bila kungoja msiba.

Mvua za mwaka zinakaribia tena. Pojo za kupanda ninazo kilo sita, na wiki iliyopita punje 91 kati ya 100 zilichipuka. Za juu nitazipanda bila dawa. Matuta ya bondeni, ambako mwaka huu naweka mtama, yamekwisha kuinuliwa, na mzee jirani amekuja kuyatazama mara mbili. Anasema bado ni mafupi.